Chumba 914, Usiku wa Ijumaa

Sanduku la Murshid lilirudi nyumbani kwao Azaiba bila ya Murshid, na Jaifar alipoliona tu alijua kazi hii inakwenda kumshinda.

Lilikuwa sebuleni, juu ya zulia, limefunikwa kanga. Aliyelifunika ni Bi Kheiria, mama mtu, mwanamke wa miaka sabini na sita aliyezaliwa Unguja na kuzeekea Maskati.

"Leo siku ya nane," alisema. "Nnalitazama tu. Ulisema lisiguswe mpaka uje, na sisi hatukuligusa."

"Nilikuwa Salala, Bi Kheiria. Kazi za watu."

"Sikulaumu, baba. Lifungue."

Jaifar akavaa glavu za mpira. Miaka ishirini na sita ya upolisi ilimfundisha kuvaa glavu hata pale zisipo na maana, na hapa hazikuwa na maana yoyote, kwani sanduku lilikwishashikwa na wachukuzi wa nchi tatu. Nadra, dada yake Murshid, mwalimu wa skuli, alikaa pembeni na daftari aandike kila kitakachotoka. Bi Kheiria hakukaa. Alisimama nyuma ya kochi, mikono miwili imeshika mgongo wa kochi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Murshid, miaka thelathini na nne, fundi mhandisi wa pampu za maji, alipelekwa Japani na kampuni yake kwa mafunzo ya wiki mbili, yeye na mwenzake Loay. Walikaa Okayama, kwenye hoteli iliyotazamana na stesheni ya treni. Mafunzo yalikwisha Alkhamisi adhuhuri, tarehe kumi na tatu Novemba. Ndege ya kurudi ilikuwa Jumapili. Jumapili asubuhi Loay aligonga mlango wa chumba 914, hakujibiwa, hoteli wakafungua, wakakuta kitanda kimetandikwa na mtu hayumo. Tangu siku hiyo hajaonekana, wala simu yake haijawaka.

Jaifar alikuwa na ofisi ya upelelezi binafsi Matrah, na Bi Kheiria alikuwa na swali moja tu la kumuuliza. Yu hai, au keshakufa? Kila walipoonana aliuliza hivyo hivyo, kwa sauti ile ile, na kila mara Jaifar alimjibu bado sijui. Jibu hilo lilikuwa limeanza kumchoma mdomo.

"Suti moja," alisema, akitoa. "Kanzu mbili. Kofia moja."

"Alichukua kofia mbili," alisema Nadra.

"Basi moja kaivaa. Andika. Soksi. Shashi ya hariri, kwenye karatasi ya zawadi."

"Hiyo yangu," alisema Bi Kheiria. "Aliniambia kaninunulia. Hebu iweke hapo, usiikunjue."

Zikatoka ndara nyeupe za hoteli, zimefungwa kwa utepe wa karatasi. Vikatoka vipakiti vya chai ya kijani, kumi na moja, kila siku alijiwekea kimoja maskini ili alete nyumbani. Bi Kheiria alivijua vyote kabla havijatoka. Kila jioni mwanawe alimpelekea ujumbe wa sauti kumweleza ile hoteli, na yeye aliisikiliza mpaka akaijua kuliko nyumba ya jirani. Alijua choo kina kiti cha moto. Alijua bafu refu la kujilaza na maji hayaishi moto, na nguo za kulalia zinaletwa zimekunjwa kama zimepigwa rula. Alijua ukisimama dirishani ghorofa ya tisa unaziona treni zinaingia na kutoka, na husikii hata moja. Alijua kwamba binti wa mapokezi alimwekea Murshid kibandiko kwenye kila sahani yenye nguruwe, ili asikosee.

"Starehe zote zile," alisema. "Mtu hawezi kupotea mahali kama pale. Au anaweza?"

"Makopo ya halwa?" Jaifar aliuliza. "Mlisema alichukua mawili."

"Moja la walimu wao," alisema Nadra. "La pili alisema atalitafutia mtu wa kumpa."

"Halimo. Basi alikwenda nalo."

Hapo Jaifar akapata kitu cha kushika. Mtu anayekwenda kujiua hachukui kofia mpya na kopo la halwa. Huyu alikwenda kwa watu, ugenini, na adabu zake zote. Na hayo yalikubaliana na ujumbe wa mwisho, ule wa Jumatano, ambao Jaifar alikuwa nao kwenye simu yake: *Mama, usiku wa Ijumaa nna mtu nnakwenda kumuona. Nikitoka huko ntakupigia nikueleze. Utafurahi.*

Mtu gani, hakusema. Loay alidai hajui. Polisi wa Okayama waliangalia picha za kamera za milango yote mitatu ya hoteli na za stesheni, tangu Ijumaa asubuhi mpaka Jumapili, na hawakumuona Murshid akitoka. Barua yao ilikuja kwa njia ya ubalozi wiki ile ile lilipokuja sanduku, na lugha yake ilikuwa ya heshima mno. Jalada halitafungwa, waliandika, ila kwa sasa hakuna jengine la kufanya. Jaifar aliwahi kuandika barua kama hizo mwenyewe. Alijua maana yake.

Mfuko wa ndani wa sanduku ulikuwa na kijitabu cha hoteli. Alipokitikisa vikaanguka vijikaratasi vitatu vya rangi ya chungwa, kila kimoja kimepigwa muhuri wa tarehe, na picha ya kikombe kinachotoka moshi.

"Vitu gani hivyo?" aliuliza Nadra.

"Tikiti za chai," alisema Bi Kheiria, haraka, kabla Jaifar hajafungua mdomo. "Wanapewa zote siku ya kuingia, moja ya kila siku. Unaitoa mlangoni ndiyo unaingia kula. Ile ya siku haifai siku nyengine."

Jaifar akazipanga juu ya zulia. Tarehe kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

Akazisoma tarehe tena, moja moja. Kisha akavua glavu.

"Kuna nini?" Bi Kheiria aliuliza.

"Loay alisema Ijumaa asubuhi wamekunywa chai pamoja mle hotelini. Aliwaambia polisi wa kule, akaniambia na mimi."

"Na tikiti hii hapa."

"Na tikiti hii hapa," alisema Jaifar, akainuka kutafuta viatu vyake.

*

Tangu arudi Japani, Loay hakukanyaga tena kazini. Alikuwa Wattaya, kwenye duka la magari la mjomba wake, akifuta vioo vya magari ambayo hayakuwa na vumbi. Kwao walitoka Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kizito kidogo, chenye Kiarabu cha kazini ndani yake.

"Ammi Jaifar," alisema, na kitambaa kikasita mkononi.

"Tukae humu." Jaifar alifungua mlango wa gari jeupe lililokuwa kwenye maonyesho, viti bado vina plastiki. Wakaingia, milango ikafungwa, na makelele ya barabara yakabaki nje. "Nieleze ile asubuhi ya Ijumaa."

"Nimeshaeleza mara tatu, ammi."

"Mimi mzito wa kufahamu. Eleza."

"Tulikunywa chai. Mimi na yeye. Saa moja na nusu hivi."

"Alikula nini?"

"Wali. Samaki. Na ile supu yao."

"Mlikaa wapi?"

"Dirishani. Panapoonekana stesheni."

"Mlangoni mlitoa nini?"

"Tikiti."

"Na yeye alitoa yake?"

"Khalas, ammi, huwezi kuingia bila ya—"

Jaifar akaiweka tikiti ya tarehe kumi na nne juu ya usukani, imo ndani ya mfuko wa plastiki. Loay aliitazama. Jasho likamtoka puani, na kweli ndani ya gari kulikuwa na joto, lakini halikuwa joto la jasho lile.

"Loay," alisema Jaifar, taratibu, "ukinidanganya tena nitakuchukua kwa mkono mpaka Azaiba, ukamdanganye mama yake usoni. Lini ulimuona mara ya mwisho?"

"Alkhamisi."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri. Pale mapokezi. Amekaa kwenye kiti kikubwa, na zile ndara za hoteli miguuni, anacheka. Alikuwa ametoka kunyoa ndevu. Akaniuliza kofia ipi nzuri, nyeupe au ya nakshi ya buluu. Nikamwambia ya buluu." Loay alianza kulia, kilio cha mtu mzima, kibaya. "Nilikuwa nakimbilia treni. Tulikwenda Hiroshima, mimi na wale Wamalesia wawili wa mafunzo. Sikumuaga vizuri. Nimerudi Jumamosi usiku nikakuta karatasi ya usinisumbue mlangoni kwake, nikasema amelala."

"Kwa nini ulisema uongo?"

"Uwanja wa ndege Bi Kheiria alinishika mkono. Akasema, mnakwenda pamoja mnarudi pamoja. Nikamwambia inshallah, khalti. Wale polisi waliponiuliza Ijumaa ulikuwa wapi, nikaona nikisema Hiroshima itakuwa nimemtupa mwenzangu. Nikasema tulikunywa chai. Nikaona chai si kitu."

"Chai si kitu!" Jaifar alipiga dashibodi kwa kiganja. "Ala! Watu wanahesabu saa za mtu aliyepotea, wewe unawapa asubuhi nzima ambayo haikuwepo?"

Alimtaka simu. Akapitia picha zake moja moja, kama anavyofanya kila mtu anapokuwa hana tena hamu ya kuamini neno. Alkhamisi saa kumi na moja na dakika tano, Loay na Wamalesia wawili mbele ya daraja, Hiroshima. Saa mbili usiku, meza ya chakula, watu wale wale. Ijumaa kutwa, kisiwani, na paa wakila biskuti mikononi mwao. Risiti za treni zilikuwemo. Wamalesia walikuwemo. Dhana aliyokuja nayo kutoka Azaiba, kwamba Loay ndiye aliyemdhuru mwenzake, ikamfia mikononi, na ukweli ni kwamba alisikitika. Mwovu angekuwa afadhali. Mwovu mtu humuuliza maswali.

"Alikwambia anakwenda kumuona nani?"

"Wallahi hakusema. Alisema tu ana mtu."

"Na miadi ilikuwa lini?"

"Sikumuuliza," alisema Loay. "Niliona viatu vyake tayari viko chini ya kiti."

Jaifar aliandika yote, akampa Loay asaini kila ukurasa. Barabarani, kurudi Azaiba, alilipanga upya jambo lake kwa sauti, peke yake garini, ndivyo ilivyokuwa kawaida yake. Alkhamisi saa tisa, Murshid yuko mapokezi, kanyoa. Miadi yake Ijumaa usiku. Baina ya hapo saa ishirini na saba nzima hazina mwenyewe. Halali, hali, hatoki. Na mtu ananyoa leo, anachagua kofia leo, anaweka viatu chini ya kiti leo, kwa miadi ya kesho usiku? Haikuingia akilini. Aliirudia tena, na haikuingia.

*

Alipofika Azaiba jua lilikuwa linataka kuzama. Sebule ilikuwa imebadilika. Makochi yamesukumwa ukutani, mikeka imetandikwa, Nadra anawasha chetezo, na zile juzuu zimepangwa juu ya meza ndogo. Sanduku lilikuwa pembeni, limefunikwa kanga tena.

"Loay alidanganya," alisema Jaifar. "Lakini si yeye. Alikuwa Hiroshima tangu Alkhamisi. Ijumaa hakunywa chai na Murshid, wala siku hiyo hakumuona."

Bi Kheiria aliitikia kwa kichwa, hakushangaa. "Kijana mwoga tu. Kaa, baba, usiondoke. Wanawake wanakuja saa hii. Tunasoma Yasini kumuombea, usiku wa Ijumaa hivi kila wiki."

"Leo Alkhamisi, Bi Kheiria."

"Si ndiyo nnavyosema? Usiku wa Ijumaa."

Nadra alicheka kidogo, kumcheka mtu mzima aliyepotewa na siku. "Jua likishazama tu, ammi, ni usiku wa Ijumaa. Kesho usiku wa Jumamosi. Umekaa Salala mpaka umesahau?"

Jaifar alibaki pale pale, kiatu kimoja mguuni.

Hakusahau. Hilo ndilo lililomtia uchungu, kwamba hakuwa amesahau hata siku moja. Usiku hutangulia siku yake. Alilijua hilo tangu ananyonya. Mama yake mwenyewe alimwogesha, akamvisha kanzu safi, na kumkalisha Yasini kila Alkhamisi magharibi, na akiiita usiku wa Ijumaa. Harusi alizokwenda ziliandikwa hivyo. Nyumbani kwake alisema hivyo hivyo. Ila ofisini, mbele ya kompyuta, alikuwa na akili nyengine, ile ya miaka ishirini na sita ya kuandika ripoti, ambayo siku yake inaanza saa sita za usiku.

Akatoa simu, akaitafuta barua aliyowapelekea polisi wa Okayama kwa Kiingereza, ile aliyoitunga mwenyewe na kujisifu kwamba imekaa sawa. Aliisoma kwa kidole. *Kwa mujibu wa mama yake, alikuwa na miadi usiku wa siku ya Ijumaa, tarehe kumi na nne, baina ya saa kumi na mbili jioni na alfajiri ya Jumamosi.* Saa na tarehe alizitia yeye. Bi Kheiria hakuzisema.

"Nilikwambia Ijumaa kutwa nampigia hapokei," alisema Bi Kheiria. Alikuwa anamtazama usoni. "Uliandika. Nilikuona ukiandika."

"Nilidhani yuko matembezini, miadi bado."

"Bado?"

"Nipe dakika," alisema Jaifar, akatoka uani.

Kule Okayama ilikuwa inakaribia saa tano za usiku. Aliyepokea ni Bi Morita wa mapokezi, yule yule wa vibandiko vya nguruwe, ambaye walikwishazungumza mara nne. Kiingereza chake kilikuwa cha pole na cha kupimwa. Jaifar alimuomba picha za mlango mkubwa za Alkhamisi, tarehe kumi na tatu, baada ya jua kuzama.

Vilisikika vidole juu ya vibonyezo.

"Samahani sana, Bwana Jaifar. Tulizoziweka ni za Ijumaa saa moja asubuhi mpaka Jumapili. Polisi walituomba hizo. Barua ilisema hizo, na rafiki yake alisema asubuhi hiyo alikuwepo."

"Najua. Nataka za Alkhamisi."

"Hizo hazikuombwa."

"Naziomba sasa."

"Mashine inazishika siku thelathini," alisema Bi Morita. "Halafu inaandika juu yake. Za tarehe kumi na tatu zilifutika Jumamosi iliyopita. Na stesheni wao hufuta mapema zaidi." Kisha akasema, na sauti yake haikuwa tena ya kazini, "Mimi Alkhamisi ile nilikuwa likizo. Ningekuwepo ningemkumbuka."

Jaifar alishukuru, akakata. Alihesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji. Sanduku lilifika Jumatano ya wiki iliyopita. Siku hiyo zile picha bado zilikuwepo, zimebakiwa na siku tatu. Tikiti za chai zilikuwa humu ndani, chini ya kanga, na yeye yuko Salala anamfuata mume wa mtu kutoka mkahawa hadi mkahawa.

Adhana ilikuwa imeanza alipoingia. Bi Kheiria alikuwa amekaa kwenye mkeka, na Nadra pembeni yake amemshika bega. Jaifar akachutama mbele yake na akamwambia yote, lile la usiku, la barua, la siku thelathini na la Salala. Hakujipunguzia kitu. Alisema, "Kosa langu," na maneno hayo yalikuwa madogo sana mle sebuleni.

Bi Kheiria aliitikia adhana mpaka ikesha.

"Kwa hivyo mwanangu alikuwamo kwenye picha zile."

"Alikuwamo."

"Anatoka mlangoni. Na kofia yake."

"Naam. Na halwa. Na huyo mtu pengine, kama alikuja kumchukua."

"Na alikaa humo siku thelathini anatoka, hapana mtu wa kumtazama."

"Hapana mtu, Bi Kheiria."

Kwa mara ya kwanza hakumuuliza kama yu hai au keshakufa. Jaifar alilingojea swali lile, akalitamani hasa, na halikuja. Nje wanawake walikuwa wameanza kuvua viatu na kusalimiana, masalkheri, masalkheri, na Nadra akainuka kuwapokea huku anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Andika barua nyengine," alisema Bi Kheiria.

"Hakuna tena cha kuangalia kule. Zimefutwa."

"Nimesikia. Andika. Na safari hii andika nilivyosema mimi."

Akaandika pale pale, kwenye simu, kwa Kiingereza, akimfasiria neno kwa neno. Murshid alitoka hotelini Alkhamisi, tarehe kumi na tatu, baada ya jua kuzama. Alikuwa amevaa kofia ya nakshi ya buluu. Alikuwa na miadi na mtu. Mama yake aliyasema haya tangu siku ya kwanza, na aliyeyakosea ni mwandishi wa barua hii.

"Hivyo," alisema Bi Kheiria. "Hivyo ndivyo. Itume."

Jaifar akaituma. Bi Kheiria akamtaka ile simu, akaiweka juu ya mkeka mbele ya goti lake, akakaa kungoja jibu.